"Mwanga mkali" na elektroni: kosa langu la kivumishi kimoja

Juma lililopita nilikuwa natoka Nakuru kurudi Nairobi, na kama ilivyo ada ya wasafiri wa barabara ile, nikasimama Kikopey. Mtu hapiti Kikopey hivi hivi. Ukishaliacha Ziwa Elmenteita mkono wa kulia, moshi wa nyama choma unakushika shingo na kukuvuta mezani. Niliagiza kilo moja ya mbuzi, nikaambiwa ningoje dakika ishirini. Dakika ishirini za Kikopey, msomaji, ni saa nzima na ushei.

Nikiwa katika kungoja huko, kijana mmoja akaja mezani kwangu, akaniamkia kwa adabu na kuniuliza kama ni mimi ninayeandika katika safu hii. Nikakubali, kwa tahadhari. Akajitambulisha kuwa ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili eneo la Gilgil. Kisha akafungua mkoba na kutoa kijitabu kilichochakaa, nikakitambua mara moja. Miaka mingi iliyopita nilikitafsiri kwa ajili ya mchapishaji mmoja aliyetaka vijana wasome sayansi kwa lugha nyepesi.

"Prof, samahani, lakini hapa ndipo watoto wangu walipopotelea," akasema, huku kidole chake kikiwa juu ya sentensi moja.

Sentensi yenyewe ni hii: "Mwanga mkali unapoangukia metali, elektroni hutoka papo hapo." Maneno manane. Nakumbuka niliipenda sana wakati ule kwa ufupi wake.

Mwalimu alinieleza kwamba yeye hufundisha kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, lakini mada ikikwama huirudia kwa Kiswahili. "Nikiwaambia kwa Kiingereza wananikodolea macho tu. Nikigeuza Kiswahili, hata yule wa nyuma kabisa anaamka." Basi walipofika kwenye mada ya mwanga na elektroni, aliwasomea sentensi yangu. Mtihani wa majaribio ukauliza: rangi ya mwanga ikibaki ile ile lakini mwanga ukaongezwa, elektroni zinazotoka zitakuwaje? Karibu darasa zima likajibu kwamba zitatoka kwa kasi zaidi. Walikosa wote kwa namna moja. Makosa yanayofanana hivyo, kila mwalimu anajua, hayatoki kwa wanafunzi. Yana chanzo kimoja, na siku hiyo chanzo kilikuwa kimekaa Kikopey kikingoja mbuzi.

Kosa liko katika kivumishi "-kali". Tazama kazi tunazokitwika: pilipili kali, kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, dawa kali, jua kali. Siku hizi vijana wetu hata wimbo mzuri wanauita ngoma kali. Katika yote hayo kuna wazo la nguvu inayochoma au kupenya. Mswahili akisikia "mwanga mkali" anasikia mambo mawili kwa pamoja: mwanga mwingi, na mwanga wenye makali. Katika maisha ya kila siku hakuna hasara. Katika fizikia, kuyachanganya hayo mawili ni kuifuta elimu yote iliyopatikana tangu mwaka 1905.

Niruhusu nieleze, maana bila kuielewa sayansi yenyewe hatuwezi kuichagulia maneno.

Atomi ina kiini chenye chaji chanya, na elektroni zenye chaji hasi zimeshikwa na mvuto wa kiini hicho. Ili elektroni iondoke, lazima ilipiwe gharama ya kuukata mvuto huo. Gharama hiyo hupimwa kwa elektronivolti, kipimo kidogo mno cha nishati wanachokitumia wanafizikia kwa mambo ya atomi. Usihangaike na ukubwa wake. Linganisha tarakimu tu. Kuing'oa elektroni ya atomi ya hidrojeni kunagharimu elektronivolti 13.6. Ya sodiamu, ile iliyomo katika chumvi na magadi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa, ni rahisi zaidi: 5.14. Atomi iliyopoteza elektroni huitwa ioni, na kuifanya iwe hivyo kwa kutumia mwanga ndiko ninakopendekeza tukuite uionishaji kwa nuru. Tukio la metali katika kijitabu changu ni ndugu yake wa karibu. Tofauti ni kwamba katika metali atomi zimebanana na kuchangia elektroni, hivyo gharama ya kutoka huwa ndogo. Elektroni ya kipande cha sodiamu hutoka kwa takriban 2.3 tu.

Sasa, mwanga hulipaje gharama hiyo? Hapa ndipo watu wazima na akili zao walipokwama. Mwaka 1887 Heinrich Hertz aligundua kwamba cheche za umeme huruka kwa urahisi zaidi zikimulikwa na miale ya urujuanimno. Mwaka 1902 Philipp Lenard akaona jambo la ajabu: akiongeza mwanga, elektroni ziliongezeka idadi, lakini kasi yao haikuongezeka hata kidogo. Ilikuwa kinyume cha matarajio yote. Wimbi kubwa la bahari hurusha mtumbwi mbali kuliko wimbi dogo. Mbona wimbi kubwa la mwanga halifanyi hivyo?

Albert Einstein, aliyekuwa karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, alitoa jibu mwaka 1905. Alisema mwanga huja kwa mafungu, na kila fungu, tunaloliita fotoni leo, lina nishati inayotegemea marudio ya wimbi, yaani mara ngapi linatikisika kwa sekunde. Kwa jicho letu marudio hayo ndiyo rangi. Fotoni ya mwanga mwekundu ina elektronivolti kama 1.8, ya urujuani ina kama 3, za urujuanimno hupanda zaidi ya hapo. Robert Millikan wa Marekani hakuliamini wazo hilo, akafanya majaribio ya miaka mingi kulipinga, na kufikia 1916 vipimo vyake mwenyewe vikawa vimelithibitisha. Kazi hii ndiyo iliyotajwa Einstein alipopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, wala si ile ya uhusianifu kama wengi wadhanivyo.

Nilimchorea mwalimu mfano juu ya karatasi ya kufungia nyama. Fikiria lango ambalo ada yake ni shilingi 450, na mlinzi wake ana sheria moja ya ajabu: kila mtu alipe kwa noti moja tu, hakuna kuunganisha. Mwenye noti ya 200 hapiti, hata akija na gunia la noti hizo. Mwenye noti ya 500 anapita na kuondoka na chenji ya 50. Mwenye noti ya 1,000 anapita na chenji ya 550. Noti ni fotoni, ada ni gharama ya kung'oa, na chenji ndiyo kasi ambayo elektroni huondoka nayo. Kuongeza mwanga wa rangi ile ile ni kuleta watu wengi zaidi wenye noti ya 500. Wapitao wataongezeka, lakini hakuna hata mmoja atakayeondoka na chenji zaidi ya 50.

"Kumbe ni mwanga mwingi, si mwanga mkali," mwalimu akasema.

Naam. "Mwanga mwingi" ni Kiswahili cha kila siku, kilikuwa mdomoni mwangu siku zote, nami nikakiacha kwa sababu "mkali" lilisikika vizuri zaidi. Kwa upande mwingine wa jambo tuseme "mwanga wa marudio makubwa". Neno hilo halina utamu, lakini halidanganyi. Kuna wanaopendelea "masafa" kwa maana hii, kama watangazaji wetu wanavyosema. Mimi nasita, kwani masafa ni umbali, na mwanafunzi atauliza ni umbali wa kutoka wapi hadi wapi.

Mchomaji alirusha konzi ya chumvi juu ya nyama wakati huo, chembe zikaangukia makaa, na moto ukatoa mmweko wa manjano. Nikamshika mwalimu mkono. Hapo hapo, mbele yetu, palikuwa na somo la pili! Joto la moto huzigongagonga atomi za sodiamu na kuipandisha elektroni ya nje kwa elektronivolti 2.1. Elektroni inapanda, haiondoki. Inarudi chini na kuirudisha nishati ile kama mwanga wa manjano. Kupanda si kung'oka. Lakini kijitabu changu kilisema "hutoka" kwa yote, na "kutoka" kwa Kiswahili ni neno pana mno: jasho hutoka, jua hutoka, hata mtoto wa shule hutoka darasani kwenda kucheza.

Hapa niseme neno kuhusu istilahi kwa ujumla. Watu wakililaumu Kiswahili kwa sayansi husema hakina majina ya vitu. Hilo si kweli tena. TUKI ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na atomi na elektroni ni maneno yaliyokwisha kuota mizizi. Kwa maoni yangu tatizo letu limebaki katika vitenzi na vivumishi. Majina tuliyaundia kamati, lakini vitenzi tuliviachia bahati. Ukisema atomi "hutoa" elektroni, umeifanya atomi kuwa mkarimu, kumbe inang'ang'ania. Ukisema elektroni "hutoka", umeifanya iende kwa hiari yake. "Kung'olewa" kuna aliyeng'oa, kuna aliyeng'olewa, na kuna ushikamano uliovunjwa, kama jino. Na lugha yetu inatupa pia "kung'oka", pale tunapotaka kutaja tokeo bila mtendaji. Kasoro moja naikiri: jino laweza kulegezwa kidogo kidogo, siku hadi siku, ilhali elektroni ya kawaida hailegezwi kwa fotoni ndogo ndogo. Mfano wowote una mahali unapoishia.

Mwalimu akauliza swali ambalo huulizwa na kila mwanafunzi mwenye njaa: na hii inanihusu nini mimi hapa Gilgil? Nikamwambia habari ya redio.

Nilikulia si mbali na hapo Kikopey. Tulikuwa na redio ya betri, na Kiswahili ninachokiandika leo nilikipata kwa sehemu kubwa katika redio hiyo, kutoka kwa watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Lakini niliwapata usiku tu. Mchana, kwenye masafa ya kati, palikuwa na mkwaruzo mtupu. Jua likishazama nyuma ya Mau, sauti ya Dar ikaanza kupanda kama mtu anayekaribia nyumba. Marehemu baba alisema redio nayo huchoka na joto. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na shahada ya uzamifu wa lugha, ndipo mwenzangu wa idara ya fizikia aliponieleza kwamba kilichonizuia kusikia mchana kilikuwa uionishaji kwa nuru.

Ni hivi. Jua hutoa miale ya urujuanimno ambayo macho hayaioni. Mmoja wao, utokao katika hidrojeni ya jua, una fotoni za elektronivolti 10.2. Unapoingia angani hauwezi kuing'oa elektroni ya molekuli ya oksijeni, kwa kuwa ada yake ni 12.07. Ya molekuli ya nitrojeni ndiyo ghali zaidi, 15.6. Lakini katika kimo cha kilomita 60 hadi 90 hivi kuna molekuli chache zilizoundwa kwa atomi moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni, na ada ya hizo ni 9.26. Hapo noti inatosha. Elektroni zinang'oka na kuelea huru. Wimbi la redio likipita huzitikisa, nazo hujigonga kwenye hewa, ambayo katika kimo hicho bado ni nzito kiasi. Nguvu ya wimbi inaishia kuwa joto dogo lisilomfaa mtu. Sauti ya mtangazaji wa Dar ilikuwa ikifia huko juu mchana kutwa.

Jua likizama, hakuna fotoni mpya, na zile elektroni hushikwa tena kwa haraka. Tabaka lile karibu linatoweka. Lakini juu zaidi, kupita kilomita 200, hewa ni nyepesi mno, elektroni na ioni hukutana kwa nadra, na nyingi hukesha hadi asubuhi. Wimbi lililovuka salama hufika huko, likakunjwa na kurudishwa ardhini zaidi ya kilomita 700 kutoka lilikoanzia. Ndivyo Kiswahili cha Dar kilivyonifikia: kilingoja giza.

Wakati huo huo, pwani yetu kulikuwa na kisa kingine cha elektroni, na hiki kina neno la Kiswahili ndani yake. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Wamarekani na Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, wakaiita Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyojengwa mahsusi kwa kutafuta eksirei za angani. Vyombo vya namna ile hujazwa gesi. Fotoni ya eksirei ikiingia hung'oa elektroni kutoka atomi ya gesi, elektroni hiyo nayo huzifungua nyingine, na msukumo mdogo wa umeme husomwa kama hesabu: moja imefika. Kwa njia hiyo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza sayansi yake akapata Nobel mwaka 2002. Elektroni kama hizo wanafizikia huziita elektroni huru. Sijui kama walioipa setilaiti jina walilifikiria hilo; nadhani walifikiria sikukuu tu.

Yalibaki maneno mawili ya sentensi yangu: "papo hapo". Nilidhani angalau hayo yako salama. Vipimo vya zamani havikuona uchelewaji wowote kati ya fotoni kufika na elektroni kuondoka. Lakini mwaka 2010 kikundi cha watafiti wakiongozwa na Ferenc Krausz huko Garching, Ujerumani, kilimulika atomi za neoni kwa mimweko mifupi ajabu, wakapata kwamba elektroni za vikoa viwili vya atomi ile ile haziondoki pamoja. Zilipishana kwa atosekunde kama 20. Atosekunde moja kwa sekunde moja ni kama sekunde moja kwa zaidi ya mara mbili ya umri wa ulimwengu. Nadharia haikukubali tofauti kubwa kiasi hicho, na mabishano yakachukua miaka, hadi mwaka 2017 kikundi cha Anne L'Huillier wa Lund, Sweden, kilipoonyesha kwamba kipimo cha kwanza kilichanganya tukio hilo na jingine linalofanana nalo. L'Huillier, Krausz na Pierre Agostini walipewa Nobel mwaka 2023 kwa kuitengeneza mimweko hiyo. "Papo hapo" basi ni kweli kwa mwanafunzi wa sekondari, na si kweli kabisa kwa neoni.

Na huyo Agostini ana la kunifariji. Tangu miaka ya 1970, yeye na wenzake walikuwa wakimulika atomi kwa leza zenye mwanga mwingi kupita kiasi, na katika hali hiyo elektroni humeza fotoni kadhaa kwa pamoja. Yaani mlinzi wa lango, akizidiwa na umati, huanza kukubali noti za kuunganisha. Huko mwanga mwingi hupata makali! Nikamwambia mwalimu kwamba sentensi yangu haikuwa uongo, ilitangulia tu mtaala. Hakucheka.

"Prof, kuna msichana anataka uhandisi. Alama mbili zilipotea hapo," akasema. "Jumatatu niwaambie nini?"

Nikaomba kalamu, nikaandika pembeni mwa ukurasa: "Fotoni moja ya mwanga ikiwa na nishati ya kutosha, yaweza kuing'oa elektroni moja. Mwanga ukiwa mwingi zaidi, elektroni zinazong'oka huwa nyingi zaidi. Hazina kasi zaidi." Yeyote mwingine mwenye kijitabu kile, tafadhali na afute neno "mkali" na kuandika hayo.

Mwalimu akaisoma mara mbili, midomo ikichezacheza.

"Ni ndefu," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa rahisi kukariri."

Nyama ikaletwa, pamoja na kachumbari na ugali, saa moja na dakika kumi tangu niagize.